Picha ya Simu kwa Mgonjwa wa Dawa za Miezi Sita

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Bwana Mhariri alipotutaka sisi wa Klabu ya Sayansi tuandike makala kwa gazeti la muhula huu, mmoja wetu alichagua habari za roketi na mwingine habari za nyuki. Mimi nimechagua jambo dogo, nalo ni picha zinazotumwa kwa simu ya mkononi ili kumsaidia mgonjwa anywe dawa zake mpaka mwisho. Huenda msomaji akaona kwamba hilo si somo, maana kila mtu ajua kutuma picha. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka likizo ya Juni, nilipomtumia bibi yangu picha iliyomfanya aache dawa kwa siku nne.

Bibi yangu, mama yake baba, anakaa kijijini upande wa Pangani. Alikohoa tangu mwezi wa Ramadhani, akanywa tangawizi na asali, na kila tulipomwuliza alisema ni vumbi tu. Katikati ya Mei shangazi yangu alikuja kutoka Tanga mjini, akamwona jinsi alivyokonda, akampeleka kupimwa makohozi. Akaonekana ana kifua kikuu.

Ugonjwa huu huletwa na vijidudu ambavyo Robert Koch aliwatangazia wataalamu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Dawa ya kwanza yenye nguvu ya kuviua, streptomisini, ilipatikana Marekani mwaka 1943. Lakini kupatikana kwa dawa ni jambo moja na kupona ni jingine. Hapo zamani matibabu yalichukua mwaka mmoja na zaidi, na katika nchi yetu wagonjwa wengi walilazwa mbali na watu wao, mathalan Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, penye hospitali ya kifua kikuu tangu 1926. Mabadiliko makubwa yalitoka hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, jambo ambalo nadhani wengi wetu hatukufundishwa. Mwaka 1970 hospitali za Afrika Mashariki, zikishirikiana na Baraza la Utafiti wa Utabibu la Uingereza, zilianza kujaribu kama miezi sita ingetosha ikiwa dawa mpya ya rifampisini itachanganywa na dawa zilizokuwapo. Majibu yalipotangazwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba yatosha.

Hata hivyo miezi sita ni mingi kwa mtu anayejiona mzima. Dawa huua upesi vile vijidudu vinavyozaana, lakini vingine hukaa kimya kama vimelala, na dawa huvipata polepole sana. Mgonjwa huacha kukohoa baada ya majuma machache, hamu ya chakula hurudi, akajitazama akaona kwamba amepona. Wakati huo ndipo wengi wanapoacha dawa. Vilivyolala huamka, na vile vilivyo sugu, ambavyo dawa haikuviweza, hubaki peke yao na kuzaana, hata ikabidi mtu atafutiwe dawa nyingine zilizo ngumu na ghali zaidi. Zaidi ya hayo, akikohoa anawaambukiza watu wa nyumbani vijidudu vile vile sugu.

Bibi alipimwa uzito akaonekana ana kilo 44, akapewa vidonge vitatu kila siku. Majuma 24 mara siku 7 ni siku 168, na hizo mara vidonge vitatu ni vidonge 504. Katika siku 56 za kwanza kila kidonge kina dawa nne ndani yake, na katika siku 112 zinazobaki kina dawa mbili. Nawaomba wale wenzetu wa bwenini ambao hushindwa kumaliza dawa mseto ya malaria ya siku tatu waifikirie hesabu hiyo.

Kwa kuwa kumeza vidonge 504 ni kazi, Tanzania ilipoanzisha mpango wake wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, ikisaidiwa na Dk. Karel Styblo, ilisisitiza kwamba mgonjwa ameze dawa mbele ya mtu anayemwona. Mpango ule ulifaulu hata Shirika la Afya Duniani likaueneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Siku hizi mgonjwa aweza kumchagua mtu wa nyumbani amsimamie badala ya kwenda zahanati kila siku. Bibi alimchagua mke wa mjomba. Lakini mke wa mjomba huuza samaki, naye hutoka alfajiri kuwahi mashua, akarudi jua limekwisha kuwa kali. Asubuhi bibi hubaki na wajukuu wadogo tu. Nilipofika kwa likizo, shangazi aliniambia, "Wewe si ndiye mwanasayansi wa nyumba hii? Basi tafuta njia."

Bibi alikuwa na kitochi, yaani ile simu ndogo yenye tochi. Katika daftari langu niliandika, "Bibi hajui kusoma," nikaona hakuna faida kumwandikia maneno. Nikafikiri nimtumie emoji mbili, ya jua na ya kidonge. Nilizituma kutoka simu ya shangazi. Katika simu ya bibi vikatokea visanduku viwili vitupu. Bibi akavitazama sana, akaniuliza kama ni madirisha.

Sababu yake yafaa kuelezwa, maana ni hesabu nzuri. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya biti 1,120, na biti moja ni kama taa, ama imewashwa ama imezimwa. Herufi za kawaida hutumia biti 7 kila moja. 1,120 ukigawa kwa 7 wapata 160, na ndiyo maana ujumbe mmoja huishia herufi 160. Ukitia emoji moja tu, ujumbe wote huhesabiwa kwa njia nyingine. Kila herufi hutumia biti 16, nafasi zikashuka hadi 70, na emoji nyingi hula nafasi mbili kila moja. Tena, kinachosafiri hewani si picha hata kidogo. Ni namba. Namba ya kidonge ni ile ile ulimwenguni kote tangu ilipotiwa katika orodha ya Unicode mwaka 2010, lakini picha yenyewe lazima iwe imo tayari ndani ya simu inayoipokea. Simu isiyo nayo huchora kisanduku. Ni sawa na kumwambia mtu afungue kitabu ukurasa wa 12, naye kitabu hicho hana.

Picha ya kweli husafiri nukta kwa nukta. Simu za Nokia za mwisho wa miaka ya 1990 ziliweza kupelekeana picha nyeusi na nyeupe zenye nukta 72 kwa 28. Hizo ni nukta 2,016, karibu mara mbili ya nafasi ya ujumbe mmoja, na kwa hiyo picha ndogo kuliko stempu ilitaka jumbe kadhaa zilizounganishwa. Picha tupigazo leo zina nukta milioni kadhaa, tena za rangi, haziwezi kupita njia hiyo. Hupita kwa intaneti, na intaneti yataka simu janja, bando na chaji. Shangazi akampa bibi simu janja yake ya zamani, iliyopasuka kioo pembeni lakini nzima. Ya umeme tuliyamaliza kwa jirani mwenye sahani ya umeme wa jua.

Basi nikachora. Nilichora picha tatu katika safu moja kwa wino mweusi, nikazipiga kwa simu. Ya kushoto ilikuwa mwanamke aliyekonda, anakohoa, ameshika kifua. Ya katikati, mwanamke yule yule anameza vidonge. Ya kulia, amenawiri, anacheka, amebeba jembe begani. Nilijisifu sana kwa jembe lile. Nilimwonyesha bibi nikamwuliza, "Umeelewa, bibi?" Akasema, "Nimeelewa, mume wangu." (Bibi zetu wa pwani hututania hivyo sisi wajukuu wa kiume.) Nikaenda zangu Tanga kwa shangazi kwa siku chache, na kila asubuhi shangazi akampelekea picha ile kwa WhatsApp.

Niliporudi nilihesabu vidonge, maana mwuguzi alikuwa ametufundisha kuhesabu. Vilikuwa vimezidi 12. Kumi na viwili kwa vitatu ni siku nne.

"Bibi, mbona hukumeza?"

"Si wewe mwenyewe uliyenikataza?" akajibu. "Wewe na shangazi yako, kila siku ya Mungu."

Akaichukua simu, akaweka kidole juu ya picha ya kulia. "Huyu mzima, anakwenda shamba." Kidole kikaenda katikati. "Huyu kameza vidonge." Kikafika kushoto. "Na huyu kwisha habari yake."

Kwa muda nilikosa la kusema. Bibi alisoma chuoni alipokuwa mtoto, akahitimu Msahafu, na mpaka leo kila baada ya sala ya alfajiri husoma. Maandishi ya Kiarabu huanzia kulia. Kwa miaka zaidi ya 60 jicho lake limezoea kuanza huko. Nami nilikuwa nimeandika kwamba hajui kusoma! Aibu yangu ilizidi kwa kuwa mimi pia nilipitia chuoni, kwa mwalimu yule yule aliyewafundisha wajomba zangu, na nilipaswa kulikumbuka jambo hilo.

Kulikuwa na jambo jingine lililomtisha. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa mwekundu au wa rangi ya chungwa. Si damu, na mwuguzi alikuwa amemweleza hivyo siku ya kwanza. Lakini siku ya kwanza mgonjwa huambiwa mambo mengi naye yumo katika hofu. Tangu Mei bibi alikuwa akiuona wekundu ule na kuuogopa kimya kimya, asitake kumwambia mkwe wake wala mjukuu. Picha yangu ilipofika, aliona kwamba mkojo na picha vyasema neno moja.

Tulikwenda zahanati siku ile ile. Nilitazamia kugombezwa. Mwuguzi aliitazama ile picha, akamwambia bibi aendelee na dawa, na kwamba zile siku nne zitaongezwa mwishoni. Habari za mkojo akamweleza upya, safari hii taratibu. Kisha akanigeukia mimi akasema, "Umechora vizuri. Umeuliza vibaya." Mtu mzima ukimwuliza kama ameelewa, alisema, atakuitikia ndiyo, ama kwa kukuheshimu ama kwa kujiheshimu mwenyewe. Lililo bora ni kumwambia akueleze anachokiona, nawe unyamaze.

Baada ya likizo mwalimu wetu wa Biolojia alinionyesha kwamba kosa langu limekwisha kuchunguzwa na wakubwa. Katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini, mwanzoni mwa karne hii, wataalamu wa dawa walichukua michoro iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya vibandiko vya dawa, wakawaonyesha watu wasemao Kixhosa waliosoma madarasa machache tu. Michoro mingi haikueleweka. Wakachora mingine kwa kushauriana na wenyeji hao hao, wakaijaribu, wakairekebisha, nayo ikaeleweka zaidi. Twazoea kusema kwamba picha haihitaji shule. Lakini mshale, msalaba wa kukataza, na safu ya picha zinazofuatana, vyote hivi sisi tulijifunza vitabuni bila kujua kuwa twajifunza.

Kwa hiyo katika juma la mwisho la likizo nilianza tena. Nilichora vitu kwenye karatasi, kila kimoja peke yake, nikamwonyesha bibi na kumwuliza neno moja tu: "Waona nini?" Jua nililolichora likichomoza nyuma ya vilima, kama lilivyo katika vitabu vya shule, yeye aliliita jua la magharibi. Nilitaka kubisha, kisha nikatazama nje. Kwetu jua hutoka baharini na kuchwa upande wa bara penye vilima. Yeye ndiye aliyekuwa sawa. Sahani tupu, niliyokusudia iwe na maana ya "kabla ya kula", aliiita njaa. Mwezi mwandamo, niliodhani utaonyesha usiku, ulimkumbusha kufunga. Lakini nilipomwonyesha buli lenye mvuke alisema mara moja, "Chai ya asubuhi." Nikaongeza vidonge vitatu kando ya buli. "Dawa zangu, kabla ya chai."

Nilifurahi, nikafikiri kazi imekwisha. Bibi akaniambia niviondoe vidonge.

"Simu hii huchezewa na watoto," alisema. "Mama Saidi huja kuazima mwanga wake usiku. Kwa nini wote waone vidonge vyangu? Weka vikombe vitatu. Mimi nitajua."

Basi picha ikawa buli na vikombe vitatu, na hakuna apitaye atakayejua kwamba ni habari za kifua kikuu. Hapo niliona hatari moja ya picha ambayo maandishi hayana kwa kiasi hicho. Maandishi huwaficha habari wasiojua kusoma, lakini pafu lililochorwa na vidonge kando yake hutangaza siri ya mgonjwa hata kwa mtoto wa miaka mitano.

Wazo hilo la bibi nimelikuta pia katika kazi iliyofanywa Kenya kati ya 2007 na 2008. Watu 538 waliokuwa wakianza dawa za virusi vya UKIMWI katika kliniki tatu waligawanywa mafungu mawili kwa bahati. Fungu moja, la watu 273, lilipelekewa ujumbe kwa simu kila juma, nao ulikuwa neno moja la Kiswahili: "Mambo?" Haukutaja ugonjwa wala dawa. Mtu alipaswa kujibu kabla ya saa 48 kupita, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na yule aliyenyamaza, walipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Katika fungu la "Mambo?" watu 62 katika kila 100 walieleza kwamba wamemeza dawa zao sawasawa, na katika fungu jingine watu 50. Virusi pia vilipungua kwa wengi zaidi katika fungu la kwanza.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya pili niligundua jambo ambalo sikulitambua mara ya kwanza. Neno "Mambo?" halimkumbushi mtu kitu chochote. Halisemi "meza". Lauliza tu, kisha mtu fulani hungoja jibu. Picha zangu za kwanza, hata kama bibi angezisoma kutoka kushoto, zilikuwa amri zisizongoja jibu, na ndiyo maana siku nne zilipita bila mimi wala shangazi kujua. Kama angalau tungalimwuliza, angalitujibu siku ya kwanza kwamba picha yenyewe yamtisha.

Nisimdanganye msomaji kwamba simu hufaulu kila mahali. Mjini Karachi, Pakistani, wagonjwa wa kifua kikuu zaidi ya 2,000 walishiriki katika jaribio la jumbe za kila siku zenye kutaka jibu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliofaulu matibabu walikuwa karibu 83 katika kila 100 pande zote mbili, waliopelekewa na wasiopelekewa. Mjini Nairobi mambo yalikuwa mengine. Huko, katika kliniki 17, mgonjwa alitakiwa athibitishe kwa simu kila siku kwamba amemeza dawa; asipothibitisha hukumbushwa tena, na akizidi kunyamaza hupigiwa simu na mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Waliokosa kufaulu walikuwa kama 4 katika kila 100, na katika fungu lisilo na mpango huo kama 13.

Kuna na swali la mara ngapi. Huko Chulaimbo, karibu na Kisumu, walijaribu ujumbe wa kila siku na wa kila juma kwa watu wenye dawa za UKIMWI, na matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba ule wa kila juma ulisaidia na ule wa kila siku haukusaidia. Sisi tunaolala bwenini hatuhitaji kuelezwa sababu. Kengele ya saa kumi na moja alfajiri ya Januari humrusha mtu kitandani. Ile ile ya Septemba haimwamshi hata anayelala chini yake.

Kwa hiyo tulipatana hivi. Picha ya buli hufika Jumatatu tu, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi huwa na pambo jipya, mara ua, mara paka, ili jicho lisiizoee. Kazi ya kila siku ni ya bibi mwenyewe. Akimaliza kumeza humbipu shangazi mara moja. Mara mbili maana yake ni shida, naye hupigiwa hapo hapo. Ikifika saa tatu asubuhi hajabipu, shangazi humpigia yeye. Bibi huona fahari kubwa kwamba kila asubuhi yeye ndiye anayeanza. India wana mpango unaofanana na huo tangu 2015, uitwao 99DOTS. Kwenye karatasi ya vidonge kuna namba iliyofichwa, haionekani mpaka kidonge kitolewe, na mgonjwa huipigia bila malipo. Najua msomaji mjanja atasema kwamba mtu aweza kubipu bila kumeza. Ni kweli, na ndiyo sababu mke wa mjomba huhesabu vidonge kila Ijumaa anaporudi sokoni.

Mimi simo tena katika mpango huu ila kama mchoraji, kwa sababu simu ni marufuku shuleni kwetu. Habari hunifikia kwa barua ya shangazi na siku ya wazazi kututembelea. Katikati ya Julai bibi alipimwa tena makohozi na vijidudu havikuonekana. Uzito umefika kilo 49. Amerudi shamba. Yote hayo ni mazuri na yote yananitia wasiwasi, maana sasa ndipo ajionapo mzima, na vidonge vimebaki vingi. Dozi yake, pamoja na zile siku nne nilizomwongezea mimi, itakwisha Mungu akipenda mwezi wa Novemba, wakati ule ule tutakapokuwa katika chumba cha mtihani.

Mwezi uliopita palitokea jambo ambalo hatukulipanga. Mke wa mjomba alikuwa ameitwa msibani Muheza, na Ijumaa hiyo vidonge havikuhesabiwa. Jumamosi asubuhi simu ya shangazi ikabipu mara tatu. Mara tatu hatukuwa tumepatana maana yake. Shangazi akapiga upesi, akaambiwa kwamba bibi amemeza, lakini hivyo vilikuwa ndivyo vya mwisho. Mwuguzi alitafutwa nyumbani kwake, na vidonge vya Jumapili vikapatikana. Tangu hapo bipu tatu zina maana yake. Nami nimeichorea picha ili apelekewe siku tatu kabla ya vidonge kwisha: buli limeinamishwa na vikombe ni vitupu. Niliichora darasani nikaitia katika bahasha, shangazi akaipiga kwa simu na kuituma bila neno lolote, kisha akampigia bibi kumwuliza aona nini. Alisema aona buli lililokwisha chai, na mtu lazima aende dukani.